Hai Amarat na fedha za wakfu: Nani hugharimia malezi ya viongozi wa mitaa ya pembezoni?

Majina mengi ya mitaa ya Juba huanza na neno moja, Hai. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtaa, na ndiyo sababu mji mkuu wa Sudan Kusini una Hai Malakal, Hai Jalaba, Hai Cinema, Hai Thoura, Hai Referendum na pia Hai Amarat. Jina hili la mwisho lipo Khartoum vilevile, kwa mtaa uliojulikana kwa miaka mingi kuwa makazi ya wenye uwezo na ya mabalozi. Katika Juba, Hai Amarat ni miongoni mwa mitaa ambayo mashirika yasiyo ya kiserikali yameweka ofisi zake: kuta ndefu, lango la chuma, jenereta na kitabu cha wageni mlangoni.

Kijana anayetaka ruzuku ya kuendesha shughuli za kijamii huko Gumbo, ng'ambo ya Mto Nile, au Gudele, upande wa magharibi wa mji, hana budi kufika katika lango kama hilo. Akitoka Gumbo huvuka daraja, akapanda bodaboda au raksha, yaani bajaji, akaandika jina lake katika kitabu, akasubiri. Umbali wa barabara si mkubwa. Umbali mwingine, ule wa fomu, lugha na kujuana, ndio unaoamua mara nyingi ni nani atakayeitwa kiongozi wa jamii na ni nani atakayebaki mkazi tu.

Makala haya yanaeleza fedha hizo ni za nani, hufikaje katika mitaa ya pembezoni ya miji ya Afrika Mashariki, zimezaa nini, na kwa nini tangu mwaka 2025 mjadala juu yake umekuwa mzito zaidi.

Wakfu ni nini?

Vyombo vya habari vya Kiswahili vimezoea kusema Wakfu wa Ford, Wakfu wa Gates au Wakfu wa Mo Ibrahim. Neno lenyewe ni la zamani kuliko taasisi hizo zote. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mtu aliyetoa shamba la minazi au nyumba ya kupangisha ili mapato yake yahudumie msikiti, madrasa au maskini alikuwa ameweka wakfu: mali yenyewe haiuzwi, ni faida yake tu inayotumika. Zanzibar imekuwa na kamisheni ya kusimamia mali za wakfu tangu mwaka 1905.

Wakfu za kisasa za Marekani na Ulaya hufuata wazo linalokaribiana na hilo. Tajiri au kampuni hutenga mtaji, mtaji huo huwekezwa, na sehemu ya mapato hutolewa kila mwaka. Tofauti yake na msaada wa serikali ni kwamba bodi ya wakfu haiwajibiki kwa mpiga kura wa nchi yoyote. Hiyo huipa wepesi wa kujaribu mambo ambayo serikali huyaogopa. Pia huiwezesha kubadili nia kwa barua moja.

Mipaka ya aina hizi mbili haijakaa wazi katika maisha ya kila siku. Kituo cha kikanda cha uongozi wa vijana kilichofunguliwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, chini ya mpango wa Marekani wa viongozi vijana wa Afrika, YALI, kilipokea vijana kutoka nchi kadhaa zikiwemo Sudan Kusini. Fedha zake zilitoka kwa shirika la misaada la serikali ya Marekani, USAID, na kwa Mastercard Foundation yenye makao yake Toronto, Canada. Kwa kijana wa Munuki aliyepata nafasi humo, chanzo cha fedha kilikuwa kimoja tu: wafadhili.

Kwa muda mrefu wakfu kubwa ziligharimia zaidi elimu ya juu na kilimo. Uongozi wa kiraia, yaani uwezo wa mkazi wa kawaida kuwakusanya wenzake, kusoma bajeti, kuandika malalamiko yakasikika na kusimama mbele ya ofisa bila kutetemeka, ulipata nafasi baadaye. Jaribio kubwa katika nyanja hiyo lilianza mwaka 2001, wakati Wakfu wa Ford ulipotenga dola milioni 280, ruzuku kubwa kuliko zote katika historia yake hadi wakati huo, kwa mpango wa kimataifa wa ufadhili wa masomo. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 2013 na kuwagusa watu zaidi ya 4,300 katika nchi 22, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Kilichoutofautisha na ufadhili wa kawaida ni kigezo chake. Waombaji hawakupimwa kwa alama za mtihani pekee. Waliulizwa walitoka wapi, walizuiwa na nini, na walikuwa wameitumikia jamii gani kabla ya kuomba.

Kuongoza bila kupigiwa kura

Juba inaleta swali ambalo halipo Nairobi wala Kampala: je, kiongozi wa mtaa anatayarishwa kwa ajili ya kiti kipi?

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Tangu hapo haijafanya uchaguzi mkuu hata mmoja. Uchaguzi uliopangwa kufanyika 2015 uliahirishwa baada ya vita vilivyozuka Desemba 2013, na tarehe zilizofuata ziliahirishwa pia. Septemba 2024 viongozi wa serikali ya mpito walisogeza mbele tena uchaguzi uliokuwa umepangwa kufanyika Desemba mwaka huo, hadi Desemba 2026. Meya wa Juba huteuliwa. Sensa ya mwisho ni ya mwaka 2008, kabla nchi haijazaliwa, kwa hiyo hata idadi ya wakazi wa mji huu ni jambo la kukadiria.

Katika mazingira hayo uongozi wa mtaa umebaki kwa machifu wa mjini na mabaraza yao, makanisa, misikiti, vyama vya akina mama na, zaidi na zaidi, vijana walioanzisha vikundi vyao. Hao ndio waliosimama mbele ya watu pale nyumba zilipobomolewa mwaka 2009 ili kupisha mipango ya mji, na hao ndio wanaoitwa leo pale maji yanapokosekana au kijana anapokamatwa. Hakuna aliyewachagua kwa kura, na hakuna anayeweza kuwaondoa kwa kura. Mfadhili anapomchagua mmoja wao na kumpa mafunzo, kompyuta na safari, anakuwa amefanya kazi inayofanana kwa karibu na ile ya sanduku la kura. Wafadhili wenyewe hawapendi kulieleza jambo hilo hivyo, lakini wakazi huliona.

Mkataba wa amani uliotiwa saini Septemba 2018 ulifungua mlango kidogo. Uliwatengea wanawake asilimia 35 ya nafasi katika serikali ya mpito, na ukataka waziri wa vijana awe na umri wa chini ya miaka 40. Mtu wa kujaza nafasi kama hizo hatokei hewani.

Aliyeanzia miongoni mwa waliohamishwa

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Rita Lopidia. Shirika lake, EVE, halikuzaliwa Juba. Lilianzishwa mwaka 2005 mjini Khartoum, wakati huo ukiwa mji mkuu wa Sudan nzima, ili kuwahudumia wanawake wa kusini waliokimbia vita na kuishi pembezoni mwa mji huo mkubwa. Kusini ilipojitenga mwaka 2011, shirika lilihamia huko pamoja na watu wake. Katika mazungumzo yaliyozaa mkataba wa 2018, muungano wa wanawake ambao yeye alikuwa miongoni mwa viongozi wake ulisukuma hoja ya asilimia 35.

Mwaka 2020 Lopidia alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya wanawake wajenzi wa amani ya Taasisi ya Amani ya Marekani. Fedha zilizoambatana na tuzo hiyo zilikuwa dola 10,000. Tuzo ya Mo Ibrahim, iliyoanzishwa na mfanyabiashara mzaliwa wa Sudan kwa ajili ya marais wastaafu waliotawala vyema na kuondoka madarakani kwa hiari, ni dola milioni 5 zinazolipwa kwa miaka 10, na baada ya hapo dola 200,000 kila mwaka maisha yote. Tuzo hizi mbili zina madhumuni tofauti na si haki kuzilinganisha kana kwamba zinashindana. Hata hivyo tarakimu hizo zinaonyesha mahali ambapo fedha za kuenzi uongozi barani Afrika zimezoea kukaa.

Waliochoka

Mfano wa pili ni wa wasanii. Mwaka 2016, baada ya mapigano ya Julai yaliyoitikisa Juba, kundi la wanamuziki, wachoraji, waigizaji na washairi wa Sudan Kusini lilianzisha vuguvugu la AnaTaban. Kwa Kiarabu cha Juba maneno hayo yana maana ya "nimechoka". Mmoja wa waanzilishi wake ni mwigizaji Jacob Bul Bior. Walichora picha kwenye kuta za mji, wakacheza maigizo sokoni na barabarani, wakaendesha kampeni ya kutaka mwaka 2017 upite bila damu kumwagika. Mwaka 2018, wajumbe walipokuwa wakijadiliana Addis Ababa, waliwakumbusha mtandaoni kwamba Sudan Kusini inawatazama.

Karibu nao palikuwa na mpango wa kupinga chuki mitandaoni, #defyhatenow, uliobuniwa mwaka 2014 na shirika dogo la Berlin na kupata msaada wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Mwigizaji wa Marekani Forest Whitaker naye, kupitia taasisi aliyoianzisha mwaka 2012, alijenga mtandao wa vijana wapatanishi katika majimbo ya Sudan Kusini na kituo cha kujifunzia mjini Juba. Miongoni mwa waliomsaidia ni UNESCO, Ericsson na wakfu wa Western Union.

Wachoraji wa AnaTaban hawakuhitaji fedha nyingi. Rangi, spika, nauli, chakula cha siku ya mazoezi. Tatizo la ufadhili wa kimataifa ni kwamba kiasi kidogo kama hicho ni kigumu kutolewa kuliko kiasi kikubwa, kwa sababu gharama za kukikagua hazipungui pamoja nacho.

Kutoka Juba hadi Kibera

Msomaji wa Nairobi huenda akadhani habari za Juba ziko mbali naye. Mtaa mkongwe kuliko mitaa yote ya mabanda ya Nairobi, Kibera, ulianzishwa na watu wenye asili ya huko. Askari Wanubi, ambao wengi wao walitoka katika jimbo la Ikweta la Sudan ya zamani na kuingizwa katika jeshi la Waingereza, waliruhusiwa mwanzoni mwa karne ya 20 kujenga katika msitu uliokuwa kando ya mji. Waliuita Kibra, neno la Kinubi, na lugha yao hadi leo ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Walisubiri hati ya ardhi kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2017 jamii yao ilikabidhiwa hati ya ekari 288, wakati eneo lililopimwa mwaka 1912 lilikuwa zaidi ya ekari 4,000.

Kibera na jirani yake Mathare ndiyo mahali ambapo malezi ya viongozi wa mitaa kwa fedha za hisani yamejaribiwa kwa muda mrefu zaidi katika ukanda huu, na mengine yanastahili kusimuliwa kwa utulivu.

Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 kwa msaada wa Bob Munro, raia wa Canada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Vijana walitaka mpira na refa. Walipewa, kwa sharti moja: timu isafishe mtaa. Mfereji ulioziba ukizibuliwa na taka zikizolewa, timu hupata pointi zinazoingia katika jedwali la ligi pamoja na za ushindi uwanjani. Timu yenye wafungaji hodari lakini isiyofika kwenye usafi ingeweza kujikuta chini ya timu dhaifu yenye majembe.

Kutokana na wazo hilo ulizaliwa utaratibu wa tuzo za uongozi. Kijana anayejitolea kufundisha wadogo, kuchezesha mechi au kuongoza usafi hujikusanyia pointi zake binafsi. Wenye pointi nyingi hulipiwa karo, na fedha huenda moja kwa moja shuleni, hazipiti mkononi mwake wala mwa mzazi. Viongozi wa kanda huchaguliwa na vijana wenyewe. Msichana wa miaka 15 huketi katika kikao akatetea ratiba ya uwanja mbele ya wavulana wanaomzidi umri, na hiyo ni shule ya siasa kuliko warsha nyingi za hotelini. Wafadhili kutoka Norway walikisaidia chama hicho kwa miaka mingi, na timu zake zimekuwa zikisafiri kwenda Oslo kushiriki Norway Cup. Klabu iliyotokana nacho, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Kibera ina hadithi zake. Mwaka 2000 mwanafunzi wa Marekani, Rye Barcott, alimpa muuguzi aliyekuwa hana kazi, Tabitha Festo, dola 26. Tabitha aliuza mboga, akakuza fedha hizo, akafungua zahanati katika chumba chake. Alifariki mwaka 2004. Zahanati ilibaki na jina lake chini ya shirika la Carolina for Kibera, ambalo Barcott alilianzisha pamoja naye na Salim Mohamed, kiongozi kijana aliyepitia MYSA. Mwaka huohuo wa 2004, Kennedy Odede, mkazi wa Kibera, alinunua mpira wa bei ya chini na kuanzisha kikundi kilichokuja kuwa SHOFCO. Mwaka 2018 SHOFCO ilitunukiwa Tuzo ya Kibinadamu ya Conrad N. Hilton yenye thamani ya dola milioni 2, na mtandao wake wa wanachama sasa umeenea katika mitaa ya miji mingine ya Kenya.

Hadithi hizi husimuliwa sana kwa sababu zina mwanzo mzuri. Lakini zina jambo moja la pamoja ambalo halitajwi mara nyingi: fedha ndogo ilimkuta mtu ambaye tayari alikuwa anafanya kazi. Hakuna aliyepewa mafunzo ya uongozi kwanza ndipo akatafutiwa watu wa kuongoza.

Kumfadhili mtu au kikundi?

Swali hili limewagawa wafadhili kwa miaka mingi. Ufadhili wa mtu mmoja hupimika kwa urahisi: jina, picha, cheti, ajira. Athari yake mbaya ni kwamba kijana mwenye kipaji akishamaliza mafunzo hupata kazi katika shirika la kimataifa, akahama mtaa, na mtaa ukabaki na pengo palepale. Huwezi kumlaumu. Mshahara wa miezi michache katika shirika la aina hiyo unaweza kujenga nyumba ya mama yake.

Njia ya pili ni kukifadhili kikundi na kukiacha kizalishe viongozi wake. Muungano wa Wanavijiji ulianza Nairobi mwaka 1996, wakati wakazi wa mitaa ya mabanda walipokuwa wakibomolewa nyumba na ardhi ya umma ikigawiwa wenye nguvu. Msingi wake ni vikundi vya akiba: wanachama huweka kiasi kidogo mara kwa mara, na mtunza daftari huwa kiongozi kwa sababu anajulikana nyumba hadi nyumba. Baadaye wanachama walijifunza kuhesabu wenyewe mabanda, vyoo na mabomba ya mitaa yao, ili wakienda jijini wabebe takwimu. Kazi hiyo ilichangia serikali ya kaunti ya Nairobi kuitangaza Mukuru, mwaka 2017, kuwa eneo maalumu la mipango. Mtandao wa kimataifa wa mashirikisho ya aina hii, SDI, ulipata fedha za Wakfu wa Gates na nyinginezo kwa ajili ya mfuko ambao mashirikisho ya wakazi yenyewe yana sauti katika kuugawa.

Uganda ilikwenda mbele kidogo. Kuanzia mwaka 2010, kwa fedha za Gates zilizopitia muungano wa Cities Alliance, miji ya Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara iliunda mabaraza ya maendeleo ambamo wakazi wa makazi duni waliketi meza moja na maofisa wa manispaa, na mfuko mdogo wa kuboresha mitaa ukagharimia miradi iliyopendekezwa na wakazi: vyoo, mifereji, vituo vya maji. Arua haiko mbali na mpaka wa Sudan Kusini. Mtu wa Juba anayetaka kuona baraza la namna hiyo likifanya kazi hahitaji visa ya Ulaya.

Fomu, posho na Kiingereza

Mambo madogo ndiyo yanayoamua. Fomu ya maombi huandikwa kwa Kiingereza, na katika nchi ambayo takriban theluthi moja tu ya watu wazima ndio wanaojua kusoma na kuandika, lugha hiyo huwachuja watu kabla hawajafika mlangoni. Mama anayeuza chai Konyo Konyo na kusuluhisha ugomvi wa jirani zake kila wiki hana namna ya kuandika "matokeo yanayotarajiwa". Anayeweza ni kijana aliyesoma Kampala au Nairobi, na ruzuku humfuata huyo.

Kisha kuna masharti ya usajili. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya Sudan Kusini ya mwaka 2016 inataka kila shirika lisajiliwe na Tume ya Misaada na Ukarabati, na kwamba angalau asilimia 80 ya wafanyakazi wawe raia. Sharti la pili limewapa wananchi ajira. La kwanza linakilazimisha kikundi cha vijana 12 cha Gumbo kuwa na katiba, bodi, akaunti ya benki na ada kabla ya kupokea hata dola 500, ama kijifiche nyuma ya shirika kubwa litakalochukua sehemu yake.

Tena kuna posho. Mazoea ya kumlipa mtu ili ahudhurie warsha yameenea kiasi kwamba mkutano wa mtaa usio na posho huonekana wa kudharauliwa. Aliyeyaleta mazoea hayo si mkazi wa mtaa.

Wafadhili wanayajua haya. Mei 2016, katika mkutano wa Istanbul kuhusu misaada ya kibinadamu, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya fedha ingefika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia iliyo fupi kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita bila lengo hilo kufikiwa. Tangu mwaka huo bilionea wa Marekani MacKenzie Scott amegawa mabilioni ya dola kwa mashirika bila kuyawekea masharti ya matumizi, na mfano wake umezifanya wakfu nyingine zijiulize kama ripoti za kila robo mwaka zina faida kwa yeyote.

Jicho la serikali

Fedha za kigeni zinazolea viongozi hazijawahi kupendwa na watawala, na si kila hofu yao ni ya kuzuliwa: nchi ina haki ya kujua nani anagharimia siasa zake. Lakini namna wanavyoishughulikia hofu hiyo inaeleza mengi. Katika Uganda, mfuko wa pamoja wa nchi za Ulaya uliosaidia asasi za kiraia, DGF, ulisimamishwa kwa amri ya Rais Yoweri Museveni mwaka 2021 na ukafungwa mwaka uliofuata. Katika Kenya, Julai 2024, wakati vijana walipokuwa barabarani kupinga muswada wa fedha, Rais William Ruto aliutuhumu hadharani Wakfu wa Ford kwa kufadhili ghasia. Wakfu huo ulikanusha kugharimia maandamano.

Juba imekuwa kali zaidi. Agosti 2021 muungano wa kiraia uliotoa wito wa maandamano ya amani ulikabiliwa kwa kukamatwa watu na kupelekwa vikosi mitaani, na ofisi ya taasisi ya utafiti ya Sudd, ambayo mmoja wa viongozi wake alikuwa miongoni mwa walioita maandamano, ilifungwa. Mikutano ya asasi katika hoteli za mji imekuwa ikihitaji kibali cha idara ya usalama. Mfadhili anayemlea kiongozi katika mji wa namna hii anapaswa kuuliza swali ambalo halimo katika fomu: siku kijana huyu atakapogongewa mlango, nani atamlipia wakili, na nani atawalisha watoto wake?

Bomba lilipofungwa

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump aliamuru misaada ya nje ya Marekani isimamishwe kwa siku 90. Machi mwaka huo Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo likakoma kufanya kazi kama taasisi ya kujitegemea. Taasisi ya Amani ya Marekani, ile iliyompa Lopidia tuzo yake, nayo ilikumbwa na ufukuzaji wa wafanyakazi mwaka huohuo.

Kwa mashirika ya Juba yaliyozoea fedha za Marekani, pengo hilo haliwezi kuzibwa na wakfu binafsi, kwa kuwa ukubwa wa mifuko yao si wa kulinganishwa na wa serikali. Baadhi ya watu katika ukanda huu wamekuwa wakitafuta fedha za nyumbani muda mrefu kabla ya hapo. Wakfu wa maendeleo ya jamii wa Kenya, KCDF, ulianzishwa mwaka 1997 kwa msaada wa Ford na Wakfu wa Aga Khan, na kazi yake mojawapo ni kuzisaidia jamii ziweke akiba ya kudumu ambayo faida yake itaendesha miradi yao, yaani wakfu kwa maana ileile ya mwenye minazi wa pwani.

Sudan Kusini haijafika huko. Ina kitu kingine, kidogo na kikongwe. Wanawake wa mitaa ya Juba, kama wenzao wa Khartoum, hukusanyika kwa mzunguko. Kila mmoja hutoa kiasi walichokubaliana, na fungu zima humwendea mmoja wao kwa zamu. Nairobi na Dar es Salaam wangeuita mchezo huo upatu au chama. Juba wanauita sanduk, neno lilelile ambalo Kiswahili kililichukua na kuliongezea irabu mwishoni. Mwenye kutunza zamu na hesabu hana cheti cha uongozi. Akikosea hesabu mara moja, mwezi unaofuata wenzake humpa kazi hiyo mtu mwingine.